Namna ya Kuandika Riwaya Pemba na Mtaa Ukabaki Kukusalimia

Nina duka la steshenari Chake Chake. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha vyeti, nachapa barua za kuombea kazi na kadi za harusi. Kwenye kompyuta ya dukani kuna folda nimeiita "Risiti za zamani" ili asitokee mtu wa kuifungua, na humo ndimo zilimo riwaya zangu. Ya kwanza niliichapisha kwa pesa zangu. Ya pili iko kwa mchapishaji Dar es Salaam, nasubiri jibu. Kwa hivyo bado niko njiani, na sina la kumfundisha mtu kuhusu umaarufu.

Lakini kazi yangu ina faida moja. Kila mwenye mswada upande huu wa kisiwa, siku moja hunijia dukani na daftari au flashi, akaniuliza: "Hii ikitoka kitabu itakuwa kurasa ngapi?" Nimepitia miswada mingi kwa njia hiyo, mingine mizuri kweli kweli. Mingi haina mwisho. Hadithi Pemba hatuna shida nazo. Tunapokwama ni kuifikisha hadithi ukurasa wa mwisho huku tunaishi katikati ya watu: watu wanaongoja futari, wanaotaka kujua kama inalipa, na wanaotaka kujua yule mume mbaya wa ukurasa wa arubaini ni nani hasa. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo.

Anza na kalenda

Vitabu vya kufundishia uandishi husema andika kila siku, saa ile ile. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa na karafuu kwenye jamvi na wingu limefunga upande wa Ole. Hapa kwetu siku huna mamlaka nayo, kwa hivyo panga mwaka.

Karafuu zikianza, kiasi cha mwezi wa saba na kuendelea, usijipe kazi ya kuandika sura. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni wako chini wamelizunguka lundo wanachambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, usiku unalala mikono inanukia. Lakini kwenye kuchambua ndipo penye hadithi. Mikono ina kazi, midomo haina, na mtu mzima husema mbele ya lundo la karafuu jambo ambalo ukumbini kwake hawezi kulitamka. Kazi yako msimu huo ni kusikiliza. Usitoe daftari mbele za watu, watanyamaza. Ukirudi chumbani andika mistari michache tu: nani alisema, alisemaje, nani alicheka na nani hakucheka. Hasa huyo asiyecheka. Riwaya yangu ya kwanza imetoka kwa mwanamke mmoja ambaye hakucheka.

Masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, ndiyo ya kuandikia. Mvua inapiga bati, shamba hakuendeki, wateja hawapiti. Ramadhani inategemea wewe ni nani. Mwanamme anaweza kukwambia Ramadhani ina utulivu mkubwa. Mimi tangu alasiri niko jikoni na muhogo wa nazi na tambi, na baada ya tarawehe kuna vyombo. Nilichokipata ni kile kipande baina ya daku na adhana ya alfajiri, nacho nakitumia kusahihisha tu, maana kichwa cha saa zile hakibuni kitu.

Ukishajua miezi yako, piga hesabu. Riwaya ya maneno 60,000 ni riwaya kamili. Maneno 300 kwa kikao ni ukurasa mmoja wa kitabu, na vikao 200 vinakumalizia kazi. Mtu mwenye vikao vinne kwa wiki anamaliza rasimu chini ya mwaka, hata ukimtolea msimu mzima wa karafuu ni mwaka na kidogo. Nimeitaja hesabu hii kwa wengi dukani na wote hushangaa, kwa sababu walidhani riwaya inataka mtu aache kazi.

Kuhusu pahala: usingojee chumba. Mimi naandika baina ya mteja na mteja. Kinachonisaidia ni kuacha sentensi katikati. Mteja akija, siimalizi sentensi, naiacha hapo hapo ilipokatika, nikirudi mkono unajua pa kuendelea. Ukiacha pahala palipokwisha vizuri, utakaporudi utakaa dakika ishirini unaangalia skrini na kupanga kalamu.

Na nyumbani sema ukweli. Kujificha kunachosha, na mtu anayejifungia na simu usiku hufikiriwa mengine. Nilipomwambia mama kwamba naandika riwaya aliniuliza swali moja: "Ya mapenzi?" Nikamwambia na mengine yamo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi usitie matusi." Tangu siku hiyo nikikaa mezani hunisogezea chai, na watoto wakipiga kelele huwaambia nina hesabu za duka.

Daftari, flashi na kirusi

Hili nitalipitisha mbio. Rasimu ya kwanza iandike kwenye kauntabuku, upande mmoja wa karatasi, upande wa pili uache mtupu kwa masahihisho. Tia namba kila ukurasa kabla hujaanza. Ukiichapa kwenye kompyuta, hiyo ndiyo rasimu ya pili, kwa sababu mtu anapochapa huona upuuzi wake mwenyewe. Kila ukimaliza sura jitumie kwa barua pepe. Flashi usiiamini hata kidogo. Nimewaona vijana wawili wamesimama mbele ya kaunta yangu wanalia kwa flashi iliyoliwa na kirusi, na mmoja wao alikuwa amebakisha sura mbili.

Ukurasa wa kwanza

Nusu ya miswada ninayoletewa huanza hivi:

"Salum alikuwa kijana maskini aliyezaliwa katika kijiji kidogo kisiwani Pemba. Maisha yake yalikuwa magumu sana. Baada ya kuishi ugenini kwa miaka mingi bila ya mafanikio, aliamua kurudi kwao akiwa na huzuni kubwa moyoni."

Hakuna kosa la lugha hapo. Lakini hakuna mtu pia. Maskini wako wengi, na huzuni kubwa moyoni kila mtu anayo. Sasa mchukue Salum huyo huyo, umtelemshe:

"Salum aliteremka melini Mkoani na begi dogo la mtoto wa skuli. Ammi yake, aliyekuja kumpokea na gari ya kukodi, alitazama nyuma yake, akangoja, akatazama tena.

'Mizigo iko wapi?'

'Ndiyo hii, ammi.'

Ammi akamlipa dereva nusu ya pesa, akamwambia aende zake.

'Tutapanda daladala,' akasema."

Umaskini haukutajwa, huzuni haikutajwa, na miaka ya ugenini haikuhesabiwa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama bandarini Mkoani kumpokea jamaa anajua mizigo inasema nini. Anajua pia ammi yule alikodi gari kwa sababu gani, na jioni ile nyumbani ataulizwa nini. Na zaidi ya hayo, tayari tuna ugomvi: Salum amemuona ammi yake akimrudisha dereva. Hilo halitasahaulika, na riwaya ina pa kwenda.

Basi fanya hivi. Chukua ukurasa wako wa kwanza, piga mstari chini ya kila neno linaloeleza hali ya mtu: maskini, mpole, mwenye huzuni, mrembo. Kila moja litafutie kitu cha kushikika au kitendo cha mtu mwengine kinachomlazimisha msomaji alifikirie neno hilo mwenyewe. Utakachoshindwa kukitafutia kitu, kifute. Ukurasa wangu mimi ulibaki robo, nikaona uchungu, lakini ile robo ndiyo iliyosomwa.

Historia ya kijiji, nani alihamia kutoka wapi na babu yao alipanda mikarafuu mingapi, iweke sura ya tatu. Wazee wetu husimulia kwa kuanzia mbali na wana haki hiyo, kwa sababu aliyekaa nao barazani hawezi kuondoka. Msomaji anaweza.

"Huyu si fulani?"

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapoacha. Kisiwa ni kidogo. Ukiandika mume anayemnyima mkewe pesa ya chakula, watapatikana wanawake kumi watakaosema, "Huyu ni wangu," na ndugu za waume kumi watakaoacha kukuitikia salamu. Kuna rafiki yangu wa Wete, kalamu yake ni nzuri kunishinda, aliacha riwaya nusu kwa sababu shemegi yake alijiona ndani. Kusema kweli alikuwemo. Lakini angeweza kufichwa.

Kumficha mtu kuna njia zake. Ya kwanza, chukua tendo umuache mtendaji. Aliyelifanya alikuwa mwanamme mfupi mwenye duka. Wewe mpe mwanamke mrefu mkulima, uone kama tendo bado linasimama. Mara nyingi linasimama vizuri zaidi, kwa sababu sasa unalazimika kutafuta sababu yake badala ya kumsengenya mtu. Ya pili, mtu mmoja mgawe wahusika wawili, au watu wawili waunganishe. Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: tumia majina ya kawaida. Wengi hutafuta jina la ajabu wakidhani linaficha. Ukimwita mhusika Juma, Khamis, Asha au Fatma hakuna anayeweza kulidai jina hilo peke yake. Ukimpa jina ambalo kisiwa kizima analo mzee mmoja wa Kengeja, umeshamtaja.

Kinachomfichua mtu ni mambo matatu yakikutana: jina, kazi na pahala. Khamis, fundi baiskeli, wa Machomane: huyo yupo, hata kama hujawahi kumuona, na kesho atakuja dukani. Ondoa moja katika hayo matatu na umesalimika. Kijiji changu mimi nimekibuni, lakini njia ya kukifikia ni ya kweli. Unashuka kwenye daladala ya Wete na unakata kushoto penye mikarafuu. Watu wamenitajia vijiji vinne tofauti wakiapa ndicho hicho.

Sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani, usimfanye mwizi ila uwe na sababu nzito, maana shehia ina sheha mmoja na hapo hakuna pa kujificha. Na siasa, ukiingia humo, ingia na sheria moja: mhusika ambaye wewe hukubaliani naye ndiye umpe maneno makali zaidi. Kila nyumba Pemba ina kauli yake juu ya uchaguzi na ina mtu wa kumkumbuka. Msomaji akigundua kwamba umempa mwenzake hoja dhaifu kwa makusudi, anafunga kitabu, na ana haki.

Pamoja na tahadhari zote watakuja. Usikatae kwa hasira, na usiape. Mimi nina swali moja tu. Alikuja bwana mmoja, mtu mzima, akaegemea kaunta.

"Bi mwandishi, nasikia umenitia kitabuni."

"Ukurasa gani, kaka?"

"Sijakisoma. Nimeambiwa."

"Basi kichukue ukakisome. Ukijikuta, njoo unioneshe."

Akakigeuza nyuma na mbele.

"Shilingi ngapi?"

Alikilipia, na hakurudi kulalamika. Nilikuja kusikia kwamba alikwenda kusema barazani kuwa yumo, tena anatajwa vizuri. Hayumo kabisa.

Mazungumzo

Waachie watu wako waseme kama wanavyosema Chake, si kama taarifa ya habari. Mama wa Kipemba hamwambii mwanawe "Je, unaelekea wapi wakati huu?" Humwambia "Wenda wapi saa hizi?" na mwanawe anajua kwamba hendi popote. Msimulizi wako yeye atumie Kiswahili kinachosomeka Mombasa hadi Mbeya. Ukishika mpaka huo, mhariri wa bara hatakuwa na neno; atakachokulalamikia ni ukichanganya, msimulizi leo anasema hivi kesho vile. Tengeneza karatasi moja ya maneno yako na tahajia zake, uipeleke pamoja na mswada. Mhariri akiona kwamba umekusudia, mara nyingi hukuachia.

Pale inapofia

Miswada hufa karibu na theluthi ya kwanza. Nimeshazijua dalili. Mwandishi anarudi kusahihisha ukurasa wa kwanza kwa mara ya ishirini. Anaanza kupenda hadithi nyengine, mpya, iliyo safi kwa sababu bado hajaiandika. Anasema hana bando, hana wakati, kompyuta nzito. Kweli yenyewe ni kwamba hajui mwisho.

Dawa ninayoiamini: acha ulipofika, nenda kaandike tukio la mwisho sasa hivi, japo baya. Nani yupo, wako wapi, nani anaondoka. Ukishalipata, rudi nyuma ukiuliza: ili hili litokee, jana yake lazima kiwe kimetokea nini? Na juzi yake? Utapata matukio kama kumi, na hayo ndiyo njia yako. Mwisho wenyewe ukija kubadilika baadaye, haidhuru, umeshakuvusha.

Dawa ya pili ni kusoma kwa sauti mbele ya watu, lakini chagua watu. Usimsomee anayekupenda, atakusifu. Usimsomee mwalimu wa Kiswahili mwanzoni, atakutajia ngeli. Mimi namsomea jirani yangu, bibi wa makamo, anayesuka ukili barazani kwake baada ya alasiri. Hasemi neno. Mimi nasoma, yeye anasuka, na jicho langu moja liko kwenye vidole vyake. Pale ukili unaposimama natia alama ya kalamu pembeni mwa karatasi. Pale anapomuita mjukuu wake amletee maji natia alama nyengine. Siku ile niliyomsomea tukio la mwanamke anayerejeshewa pete zake kwenye kikaratasi cha karanga, vidole vilisimama, na nilipomaliza akasema, "Hebu pasome tena pale anapozihesabu." Sikuligusa neno hata moja la ukurasa ule. Sura iliyofuata, ambayo mimi niliipenda sana, ilimaliza kipande kirefu cha ukili bila ya kusimama. Nimeikata.

Kutuma, kushindana, kungojea

Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli ya fasihi, wiki nzima wateja walikuwa wakiniuliza, "Na wewe yako lini?" Wengine wakanishauri niandike kwa Kiingereza kama yeye. Nilikuwa nikitoa kopi za kitambulisho. Nasema hivi kwa sababu furaha ya aina ile inainua kisiwa kizima kisha inakuacha na mswada wako vile vile ulivyokuwa, na mtu lazima ajue mlango wa kugonga.

Mashindano ni mlango halisi, na kwetu si mpya. Muhammed Said Abdulla, mtu wa magazeti wa Unguja, alishinda shindano la hadithi la Afrika Mashariki la 1957-58, na riwaya yake ikatoka 1960. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, riwaya ikiwemo. Kuna pia tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mohammed Ghassani wa hapa hapa Pemba aliishinda 2015 kwa ushairi, na Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar aliishinda 2018 kwa riwaya. Masharti hubadilika, kwa hivyo soma tangazo la mwaka huo lote, urefu, muundo wa faili na tarehe, kisha uprinti uliweke ukutani. Mimi nimeshaona mswada mzuri ukikataliwa kwa sababu jina la mwandishi lilikuwa kila ukurasa na tangazo lilikataza.

Ukienda kwa mchapishaji, peleka mswada msafi, muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja na mwisho (usimfiche mchapishaji mwisho, yeye si msomaji), na mistari michache juu yako. Ikipita miezi mitatu kimya, kumbushia kwa ujumbe mfupi wa heshima. Usiulize "Mmeupenda?" Uliza umefikia hatua gani.

Ukipewa mkataba, usitie saini siku hiyo hiyo, hata kama mkono unakutetemeka kwa furaha. Mambo ya kuangalia ni haya. Mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, ni asilimia ngapi, na ni asilimia ya nini: ya bei ya dukani au ya kile alichopokea mchapishaji? Kumi ya elfu kumi na kumi ya elfu sita ni pesa mbili tofauti. Mkataba ni wa miaka mingapi, na kitabu kikiisha sokoni bila ya kuchapwa tena haki zinarudi kwako lini? Tafsiri na filamu zimo au hazimo? Usiseme filamu ni mambo ya mbali. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka kitabu 1999 na ikawa filamu 2021. Miaka ishirini na mbili. Karatasi unayoitia saini leo inaweza kuulizwa wewe una wajukuu. Na kabla ya kumtumia yeyote mswada, pita COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukaulize namna ya kuusajili.

Ukijichapishia mwenyewe

Hapa nipo kazini kwangu, nivumilieni. Kitabu cha A5 chenye herufi za pointi 11 hubeba maneno 250 hadi 300 kwa ukurasa. Maneno 60,000 yatakupeleka kurasa 200 na kidogo. Mashine kubwa huchapa kurasa kwa mafungu ya 16, kwa hivyo 200 ni namba mbaya, 208 ni nzuri: mafungu 13 kamili. Ukibaki na kurasa mbili zaidi ya fungu unalipia karatasi ambayo itabaki tupu. Punguza sentensi au tanua nafasi baina ya sura hadi uingie.

Karatasi ya ndani ya gramu 70 au 80 inatosha, jalada gramu 250 au 300. Vitabu vinene havibanwi pini, hutiwa gundi mgongoni. Ukipewa nakala ya mfano, kifungue katikati kwa nguvu, kikikatika hapo usilipe. Namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, usiikose, maduka na maktaba hukuuliza hiyo kwanza. Ukiwa Chake anzia kwa kuulizia maktaba. Na prufu, ile nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapwa, isome kwenye karatasi, kamwe si kwenye skrini, tena isomwe na mtu ambaye hajawahi kuiona hadithi. Wewe utasoma ulichokusudia.

Chapa chache. Mia moja ni nyingi kuliko unavyodhani ukishaziweka chini ya kitanda masika na unyevu umeanza kupanda.

Kisha mauzo, ambayo ndiyo sehemu ya kukuvunja moyo na kukurejeshea moyo wiki moja. Kabla vitabu havijafika, andika orodha ya watu kumi utakaowapa bure, kwa majina. Wa kumi na moja akisema "Mimi ndugu yako, nipe changu," unamwonesha orodha. Tuseme nakala imekugharimu shilingi 7,000 na unauza 12,000. Kila moja unayoitoa bure inakula faida ya karibu moja na nusu unazoziuza. Madeni yaandike kwenye daftari mbele ya mdaiwa mwenyewe. Mwenye duka yeyote anayajua haya, lakini akigeuka mwandishi huona haya kudai.

Kitakachokushangaza ni kwamba kitabu kimoja kinasomwa na mtaa mzima. Wete najua nakala moja iliyopita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alinisifu, na aliyenunua ni mmoja. Nilikasirika sana, mpaka alipokuja msichana dukani na kitabu kimechakaa, jalada limetoka, kurasa za mwanzo zimefungwa kwa uzi. Hakunijua. Alitaka jalada lilaminishwe ili kirudi kwa mwenyewe kikiwa na heshima, kwa sababu alikiazima na kilikuwa hivyo tangu alipokipokea. Nikamuuliza kizuri? Akaniambia, "Kizuri, lakini yule Asha asingemrudia." Tukabishana juu ya Asha muda wote mashine inapata moto. Nilimtoza nusu bei, na yeye akaniona mjinga wa biashara.

Kuhusu Asha, nimelifikiria lile neno, na katika rasimu mpya harudi.

Mwenye mswada aliye karibu, dukani kabla ya saa nne asubuhi wateja huwa wachache, tunaweza kukaa. Njoo na daftari lililotiwa namba za kurasa, na uwe umeshaandika tukio la mwisho. Kopi ya kwanza ya mswada nakutolea kwa bei ya karatasi na wino. Ya pili bei ya kawaida.